Tulivyopima Yanayosemwa Ukishageuza Mgongo

Nimekabidhi kishikwambi, chaja yake, kitambulisho na koti la mvua. Koti walisita kulipokea, maana lilikuwa limebaki koti kwa jina tu, lakini utaratibu ni utaratibu, likapokelewa na kutundikwa msumarini kama la mtu mwingine. Nikatoka pale ofisini Kayanga mikono mitupu, nikasimama barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize kidato cha nne sikuwa na kijiji cha kwenda kesho yake.

Naandika haya kwa ajili yenu wadadisi mnaobaki, hasa mtakaotumwa Karagwe na Kyerwa. Vyeo na posho mtaviona wenyewe, sina la kuwaambia. Nitasema juu ya kazi.

Mmoja wenu aliniuliza siku ya kuaga, "Dada Koku, miaka arobaini na kitu mtu anastaafu kweli, au umechoka?" Sijachoka. Kazi yetu mnaijua: unafika kijijini, unapewa nyumba ya kwanza, halafu unaruka nyumba kadhaa, unaingia nyingine, unaruka tena. Nimetembea wilaya hizi mbili kwa mtindo huo mpaka nikawa najulikana na mbwa. Sasa nataka kurudi kwenye zile nyumba nilizoziruka. Nimezipita miaka yote nikiona moshi, nikisikia mtu anacheka ndani, na sikuwa na ruhusa ya kubisha hodi. Hiyo ndiyo sababu, na kama haitoshi kuandikwa kwenye barua ya kuacha kazi, mimi nimeiandika hivyohivyo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Bugomora. Madodoso yalikuwa ya karatasi, tunayafunga kwenye mfuko wa nailoni, na penseli tunaifunga kwa uzi shingoni ili isipotee migombani. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Jovitha, mwanamke wa Muleba, mwimba kwaya wa Kilutheri, mwenye viatu vya mvua alivyovaa hata kiangazi. Alikuwa haamini viatu vingine. Alinikabidhi nyumba ya kwanza akakaa pembeni kuniangalia.

Mama wa nyumba ile alinipokea vizuri. Akaleta kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake, akanisogezea. Mimi nikasema asante, sitatafuna, nina kazi. Nikatoa karatasi. Swali la kwanza akajibu sijui. La pili, sijui. Alikuwa hajui hata ana migomba au hana, na sisi tumekaa ndani ya shamba la migomba.

Tulipotoka Mama Jovitha hakunigombeza. Alisema tu, "Umemkatalia kahawa yake, na yeye amekukatalia majibu. Mko sawa. Rudi ndani, omba kahawa, anza upya."

Nilirudi. Nikapokea punje kwa mikono miwili, nikatafuna, tukaongea habari za mvua. Baada ya hapo alijua migomba yake yote, na ya jirani.

Miaka ikapita kwa mtindo huo: kilimo, vyandarua, maji, mikopo ya vikundi. Halafu zikaanza kuja tafiti za kazini, na ndani yake swali moja lililokuwa geni kwangu. Tulikutana nalo mara ya kwanza Murongo, pale mpakani, kwa madereva wa bodaboda. Wenye utafiti walitaka kujua madereva wanadhani abiria wanawachukuliaje watu wa umri wao. Ukilisoma haraka unaona ni swali jepesi. Nikamsomea dereva mmoja aliyekuwa na mvi hadi kwenye nyusi.

"Mzee wangu, shikamoo. Unadhani abiria wanawachukuliaje madereva wa umri wako?"

"Marahaba. Sasa mwanangu, mimi nitajuaje ya moyoni mwa abiria? Mimi mganga?"

Wenzake wakacheka. Nikarudia swali lilivyoandikwa, kama tulivyofundishwa. Akaniambia nikamuulize abiria. Nikamuuliza wa pili, naye akanielekeza kwa abiria. Ilikuwa ukikusanya majibu yao yote unapata kwamba Murongo hakuna waganga.

Mama Jovitha akasogea na viatu vyake. "Mzee, samahani. Abiria anatoka forodhani na mzigo wake. Wewe ndiye wa kwanza kwenye foleni. Anakupita, anakwenda kwa kijana wa nyuma. Anajisemea nini?"

"Aaah! Hilo hata usiulize. Anasema, babu huyu atanifikisha kesho!"

Kijiwe kizima kikalipuka. Kijana mmoja aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake akainuka. "Na sisi je? Wakitupita sisi wanasema, huyu atanifikisha leo leo, ila hospitali!"

Siku hiyo tulipata majibu mengi kuliko karatasi. Njiani kurudi Mama Jovitha akanieleza, na naomba mlishike hili kuliko chochote nitakachoandika. Kuna ninavyokuona mimi. Kuna unavyoniona wewe. Na kuna ninavyodhani unaniona. Hicho cha tatu hakifanani na vile viwili vya kwanza, na ndicho kinachomwendesha mtu kazini. Yule mzee wa Murongo alikuwa ameacha kukimbilia abiria, anakaa tu kwenye foleni na huzuni yake, kwa jambo ambalo hakuna abiria aliyewahi kumwambia. Kwa hiyo usimuulize mtu ya moyoni mwa mwenzake. Muulize anachodhani kinasemwa akishageuza mgongo. Hilo kila mtu amewahi kulifikiria, wengine hulifikiria kila siku.

Mama Jovitha alistaafu akarudi Muleba. Mimi nikaendelea kuzunguka. Karatasi zikaondoka, vikaja vishikwambi, na pamoja navyo wakaja akina Editha.

Editha ndiye niliyepangwa naye kwenye kazi yangu ya mwisho. Binti wa Nyakasimbi, mwenye vidole vyepesi, alikuwa anamaliza dodoso kabla mimi sijakumbuka neno la siri la kufungulia. Tulitumwa kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa upande wa Kyerwa. Sitakitaja. Wakulima wanaleta pale kahawa ya maganda, inakobolewa, inachambuliwa, inafungwa kwenye magunia.

Hali tuliyoikuta ilikuwa hivi. Tangu zamani uchambuaji ulifanywa na watu wazima waliokaa kwenye mikeka, wanatoa punje mbovu kwa vidole. Msimu ule kiwanda kilikuwa kimeleta mashine ya kuchambua, ya umeme, yenye vitufe na kioo kidogo cha kuonyesha mambo. Meneja alikuwa amechanganya watu: kila zamu ya mashine ina vijana na wazee, na hapo wazee ni wote waliovuka hamsini, wanawake kwa wanaume. Mambo hayakwenda. Wazee wanakaa mbali na vitufe, vijana wananuna, kahawa inapita hovyo. Meneja, kijana mpole wa Bukoba aliyeongea kama anaogopa kuamsha mtoto, alikuwa ameshafikia uamuzi wa kuwatenganisha. Vijana mashineni, wazee mikekani. Na kila mtu pale alijua kwamba msimu ukiisha mikeka ingekunjwa, na waliokaa juu yake wasingeitwa tena. Alichokuwa anasubiri ni matokeo yetu tu, ili awe na kitu cha kusimamia. Mkutano wa kutangaza ulikuwa Jumamosi.

Aliyenifundisha uzito wa jambo lile ni Mama Ajuna. Alikuwa mama wa Bugomora, mwembamba, amechambua kahawa mikekani tangu watoto wake wako tumboni, na ndiye mzee pekee aliyekuwa amewahi kuiwasha ile mashine. Nilimkuta saa ya chakula, amekaa peke yake na sahani ya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mdogo wangu. Wewe ndiye wa maswali?"

"Ndiye mimi. Nasikia mashine unaiweza."

"Niliiweza." Akasukuma sahani. "Nimemwambia meneja anirudishe mkekani. Sitaki kungoja Jumamosi."

"Kwa nini, waitu, wa kwetu?"

"Yule Deusi, kijana wa mashine. Kila nikikosea kitufe anacheka. Wenzake wote wanacheka. Wanasema bibi kizee anatafuta nini kwenye umeme. Bora nijitoe kabla sijatolewa."

"Umewasikia wakisema hivyo?"

Akaniangalia kama nimeuliza jua linatokea wapi. "Mtu anasubiri asikie?"

Mtaona mambo yalivyokuwa. Alikuwa anaiacha kazi aliyoiweza kwa sababu ya maneno ambayo hakuwa ameyasikia. Na akirudi mkekani, wale wazee wengine waliokuwa wanamtazama yeye kwanza wasingegusa kitufe kamwe.

Tukaanza na kishikwambi. Kikagoma, au tuseme watu waligoma. Maswali yalikuwa na majibu ya kupanda ngazi: nakubali kabisa, nakubali kiasi, na kuendelea chini. Wazee walikubali kabisa kila kitu, hata yale yanayopingana. Kwa mtu aliyelelewa vizuri kwetu, kumkatalia mgeni usoni ni ukorofi. Editha alimsomea mzee mmoja kwamba vijana wanawaheshimu, akakubali kabisa. Akamsomea kwamba vijana wanawadharau, akakubali kabisa, akaongeza na "asante".

Basi tukabuni njia ya punje. Kila mtu apewe punje tano mkononi, aende nyuma ya pazia tulilofunga stoo, peke yake, na aweke kwenye bakuli la kundi lake, la wazee au la vijana, punje kadiri anavyodhani kundi jingine linamsema vibaya. Hakuna anayesema hivyo nyuma ya mgongo wangu, usiweke hata moja. Wanasema sana, weka zote. Punje zinazobaki zimwagwe kwenye ndoo. Hakuna jina, hakuna anayemwona.

Punje za kiwandani tusingeruhusiwa kuzigusa. Editha akaenda sokoni akarudi na mfuko wa akamwani, safi, kavu, zinazoshikika vizuri. Sote wawili tumezaliwa huku. Sote wawili tumekua tukitafuna ile kahawa. Wala hatukuona tatizo.

Wazee walitupenda sana siku hiyo. Kila mmoja alipokea punje zake kwa mikono miwili na kushukuru, wengine wakatuombea baraka. Jioni tukafunua mabakuli. La vijana limejaa: wanadhani wazee wanawasema vibaya mno. La wazee, karibu tupu. Editha akasema, "Dada, ina maana wazee hawana neno?" Nilianza kusema labda. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, akachungulia mabakuli yote mawili.

"Basi nimeelewa," akasema kwa sauti yake ya chini. "Wazee wako sawa, vijana ndio wanaoonewa. Nawatenganisha Jumamosi." Akaondoka akiwa ametulia, kama mtu aliyepata dawa.

Asubuhi yake mzee mmoja mchangamfu, Mzee Kaijage wa magunia, alinipitia stoo.

"Wale watoto wangu, leo hamgawi?"

"Hatugawi nini, mzee?"

"Kahawa. Ile ya jana ilikuwa nzuri. Imechemshwa na majani gani?"

Nikaweka chini kishikwambi. "Mzee, ile kahawa uliiweka bakulini?"

"Niiweke bakulini?" Alishangaa kweli. "Mtu anakupa kahawa kwa heshima zote, anakuingiza ndani penye pazia, halafu umrudishie? Mimi nilitafuna, nikafikiria swali lenu vizuri, nikatoka. Mwenzangu alisema bojo, tafadhali, labda tuwaachie moja moja, wasije wakasema tuna pupa."

Editha alikaa juu ya gunia akaficha uso kwenye magoti. Nilidhani analia, kumbe anacheka mpaka hawezi kupumua. Vijana, ambao asubuhi wanakunywa chai ya maziwa na hawana habari na akamwani, walikuwa wamejibu swali. Wazee walikuwa wamepokea ugeni.

Nikaenda kwa meneja.

"Meneja, yale matokeo ya jana hayafai."

"Kwa nini, dada? Si nimeyaona kwa macho?"

"Wazee wametafuna majibu."

Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikamweleza na kilichotokea, na yeye ni mtoto wa Bukoba, bibi yake naye alikuwa na kikapu cha akamwani. Nikaona mdomo wake unahangaika usicheke mbele ya mgeni. Lakini aliposema, alisema, "Mkutano ni kesho, dada. Siwezi kuusogeza. Watu wameshajua."

"Nipe leo tu. Na nipe nafasi ya kusema kesho kabla hujatangaza."

"Ukisema, utasema kwa karatasi? Hawatakuelewa."

"Sina karatasi," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

Tukaazima maharage jikoni, makavu, yasiyotafunika hata na mwenye meno ya chuma. Mpishi alitupa kwa masharti kwamba yatarudi, kwa kuwa ndiyo chakula cha Jumatatu. Na safari hii nikaongeza kitu, kwa sababu maneno ya Mama Ajuna yalikuwa yamenikaa kichwani: mtu anasubiri asikie? Tuliwauliza wazee wanadhani vijana wanasema nini juu yao, kisha tukawauliza vijana wenyewe, wewe, kwa upande wako, unawaonaje wazee hawa, ni mzigo? Halafu tukageuza: vijana wanadhani wazee wanawaona wavivu na wakaidi kiasi gani, na wazee wenyewe wanawaonaje kweli. Tulichukua wazee na vijana idadi sawasawa, ili kundi moja lisijaze kwa wingi wake. Tukawa na mabakuli manne.

Kabla ya kuwaita watu, tulijaribu sisi wawili, kama inavyotakiwa. Mimi niliweka maharage yote matano: nilikuwa na hakika Editha ananiona mama wa karatasi niliyeachwa na dunia. Editha aliweka matano: alikuwa na hakika namwona mtoto wa kubofya asiyejua watu. Kwenye ya kweli, mimi sikuweka hata moja kwa ajili yake. Yeye aliweka moja kwa ajili yangu.

"Hilo moja ni la nini?"

"Neno la siri, Dada. Unalisahau kila siku."

Tulimaliza jua linapozama. Editha akakata shingo za chupa nne za maji, zile za plastiki zinazoonyesha ndani, tukamimina kila bakuli kwenye chupa yake. Tulipoziweka mezani kwa mstari tulirudi nyuma kuzitazama. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimepeleka majibu ya watu maofisini yakageuka majedwali ambayo sikuwahi kuyaona tena. Haya yalikuwa hapa, unayaona ukiwa umesimama mlangoni.

Jumamosi waliketi kama walivyozoea: wazee upande wa mikeka, vijana upande wa mashine, katikati njia pana ya kupita gunia. Mama Ajuna alikuwa ameshakaa mkekani, na ungo wake wa zamani mapajani. Meneja akasalimia, akasema ana tangazo, lakini kwanza wageni wana neno.

Nikainua chupa ya kwanza. Maharage yalikuwa yamefika karibu na ukingo.

"Hii ni ya wazee. Ndivyo mnavyodhani vijana hawa wanawasema mkishageuza mgongo. Mzigo, wamepitwa, hawajui umeme."

Upande wa mikeka wakaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeshangaa. Mzee Kaijage akasema, "Na bado mmepunguza."

Nikainua ya pili. Ilibidi niitikise ili waone kama kuna kitu. Maharage yalikuwa yamefunika kitako tu.

"Na hii ni ya vijana. Ndivyo wanavyowaona kweli."

Sauti ya mwanamke ikatoka mikekani: "Hayo mengine mmeyapika?"

Watu wakacheka kidogo, kwa wasiwasi. Editha akainua ya tatu, imejaa. "Hii ni yetu sisi vijana. Tunavyodhani wazee wanatusema." Akainua ya nne, ambayo ilikuwa na maharage machache kuliko hata ile ya pili. "Na hii ndivyo wazee wanavyotuona kweli."

"Haiwezekani!" Kijana mmoja akasimama. "Dada, umebadilisha chupa!"

"Nani abadilishe? Uliweka wewe mwenyewe, nyuma ya pazia, peke yako."

Mama Ajuna alikuwa ameinuka nusu, ungo mkononi. "Hiyo ya pili. Ni vijana wote?"

"Wote waliochaguliwa, mama."

"Na Deusi alikuwemo?"

"Ya mtu mmoja mmoja siwezi kukwambia, mama. Hata mimi siyajui."

"Nilikuwemo," Deusi akasema. Alikuwa amesimama karibu na mashine, mrefu, mikono mfukoni, anatazama sakafu. "Na sikuweka hata moja."

"Muongo wewe. Mbona nikikosea unacheka?"

"Mama, si unabonyeza kile cha kijani kabla mashine haijawa tayari! Na mimi siku ya kwanza nilibonyeza hichohicho, nikamwaga gunia zima, fundi akanifukuza kwa fagio mpaka nje. Kila ukikibonyeza naliona lile fagio. Najicheka mimi, sikucheki wewe."

Vijana wenzake waliangua kicheko, na safari hii mikeka nayo ikacheka. Deusi akapata nguvu. "Na wewe je? Kila nikiingia asubuhi unaniangalia toka viatu mpaka kichwani, unatikisa kichwa. Najua unasema, huyu mhuni ametoka wapi."

Mama Ajuna aliweka ungo chini. "Natikisa kichwa kwa sababu unakuja hujala. Mtoto mrefu hivyo, huna tumbo! Nasema huyu mama yake akimwona atalia."

Hapo hakuna aliyeweza kuzuia kitu. Mzee Kaijage alikuwa anajipiga mapaja. Msichana mmoja wa mashine alivuka ile njia ya katikati kwenda kumwuliza bibi fulani kama na yeye alikuwa anamtikisia kichwa kwa njaa, na bibi akamwambia hapana, wewe ni nywele, lakini nimeshazizoea. Wengine wakavuka. Nilitazama Editha ameshikilia zile chupa zake mbili juu kama mtu aliyeshinda kombe, na sikumwambia azishushe.

Meneja alisubiri kelele zipungue. Hakuisoma karatasi aliyokuja nayo. "Nilikuwa nawatenganisha leo," akasema. "Sitawatenganisha. Zamu zinabaki mchanganyiko, msimu huu na ujao, na wa mikekani mnaingia mashineni kwa zamu, wote. Mama Ajuna ndiye atakayewafundisha, yeye na Deusi."

Mikeka ikapiga vigelegele. Mimi nilikaa juu ya gunia, nikafikiria majibu yote niliyowahi kuyabeba mvuani kwenye mfuko wa nailoni. Yawezekana nayo yalifika mahali. Haya niliyaona yakifika.

Meneja alikuwa bado ana mengi. Alianza kushukuru uongozi, kisha akaingia kwenye umuhimu wa umoja mahali pa kazi, kisha akarudi kwa uongozi. Mama Ajuna alijifunga kitenge vizuri kiunoni, akapita katikati ya watu bila haraka mpaka kwenye mashine. Akamtazama Deusi. Deusi akainua kidole: bado. Wakangoja pamoja. Deusi akashusha kidole, na Mama Ajuna akabonyeza kile cha kijani.

Mashine ikanguruma. Kahawa ikaanza kushuka. Kwa mbali tulimwona meneja, bado anafungua na kufunga mdomo, na hakuna aliyesikia neno lake lingine asubuhi ile.